Septrin na ugonjwa adimu wa mapafu: jibu kwa msomaji wa Ujiji

Msomaji mmoja wa Ujiji, Kigoma, ambaye jina lake nalihifadhi kwa kuwa swali linagusa afya ya watu wa nyumbani kwake, ameniandikia hivi: "Mdogo wangu wa kiume anahudhuria CTC (kliniki ya watu wenye VVU) na kila siku anameza Septrin pamoja na ARV. Binti yangu wa miaka 16, yupo kidato cha tatu, alipewa Septrin duka la dawa kwa ajili ya chunusi zenye usaha, na leo ni siku ya tisa. Ndugu yetu aliyeko Marekani ametutumia ujumbe kwamba watafiti wamegundua dawa hiyo inaharibu mapafu ya vijana mpaka wanawekwa kwenye mashine. Mdogo wangu aliposikia, tangu juzi Septrin hamezi tena. Je, habari hizi ni za kweli? Wote wawili waache? Na vidonge vilivyobaki, nimpe mwanangu wa mwisho anayekohoa?"

Dada yangu, ujumbe wa ndugu yenu una ukweli ndani yake, na si uzushi wa kupuuzwa kama zilivyo nyingi kati ya habari za dawa zinazosambazwa kwenye simu. Hata hivyo, ukweli huo hauwahusu watu wako wawili kwa namna moja. Mdogo wako arudie kumeza Septrin leo hii, isipokuwa kama ana dalili nitakazozitaja mbele. Binti yako aiache leo hii. Najua inashangaza kuambiwa kwamba kidonge kilekile, katika nyumba moja, mmoja akimeze na mwingine akiweke chini, kwa hiyo nitaeleza sababu kwa kirefu.

Septrin ni jina la kibiashara ambalo kwetu limekuwa jina la dawa yenyewe, kiasi kwamba mtu akiletewa pakiti yenye jina la kiwanda kingine bado ataiita Septrin. Dawa yenyewe ni kotrimoksazoli, nayo ni mchanganyiko wa dawa mbili: trimethoprimu na salfamethoksazoli, ambayo ni ya jamii ya salfa. Kidonge cha kawaida kina miligramu 80 za ile ya kwanza na miligramu 400 za ile ya pili, ndiyo maana kinaandikwa 480. Kipo pia kikubwa cha 960, ambacho ni sawa na viwili vya 480. Bakteria wengi hujitengenezea wenyewe folati (vitamini ya jamii ya B) wanayoihitaji ili wazaliane, wakati binadamu tunaipata kwenye chakula. Salfa huzuia hatua moja ya utengenezaji huo na trimethoprimu huzuia hatua inayofuata. Dawa hii imekuwa ikitumika tangu mwisho wa miaka ya 1960, ni ya bei nafuu, haihitaji jokofu, na inapatikana hadi kwenye zahanati za mbali kabisa za Uvinza au Sikonge. Kwa sifa hizo imemezwa na watu wengi mno duniani, na jambo hilo lina uzito katika hesabu tutakayoifanya.

Sasa niuseme utafiti wenyewe. Mwaka 2019, madaktari wa hospitali ya watoto ya Children's Mercy iliyoko Kansas City, Marekani, wakiwemo Jenna Miller, ambaye ni daktari wa watoto mahututi, na Jennifer Goldman, bingwa wa magonjwa ya kuambukiza na wa dawa za watoto, walichapisha ripoti katika jarida la Pediatrics kuhusu vijana watano. Wote walikuwa wazima kabla ya hapo, bila ugonjwa wa mapafu na bila upungufu wa kinga. Wote walikuwa wakimeza kotrimoksazoli. Wote walianza kukohoa na kuishiwa pumzi, na hali ikaharibika haraka mpaka mapafu yakashindwa kabisa kazi yake. Madaktari walitafuta virusi, bakteria, fangasi na magonjwa ya kinga yanayoshambulia mapafu, wasipate kitu cha kueleza hali ile. Kilichowaunganisha wagonjwa hao ni dawa.

Baadaye kesi zaidi zilikusanywa, za vijana wa rika la balehe na watu wazima wachanga, wengi wao wakiwa wameandikiwa dawa hiyo kwa ajili ya chunusi au maambukizi ya njia ya mkojo, na wengi wakiwa wameimeza kwa siku kadhaa hadi wiki kadhaa kabla ya kuugua. Baadhi yao walikaa kwenye mashine ya kupumulia kwa muda mrefu, na wengine waliunganishwa na mashine inayotoa damu mwilini, kuitia oksijeni na kuirudisha. Wapo waliopandikizwa mapafu mapya, na wapo waliofariki. Naliandika hili bila kulipunguza makali kwa sababu ndilo lililomtisha mdogo wako, naye hakutishika bure.

Jambo lililowafanya wataalamu waamini kwamba huu ni ugonjwa wa aina yake, na si nimonia kali iliyokosewa jina, ni hali ya nyama ya mapafu ilipotazamwa kwa hadubini. Ndani ya mapafu kuna mamilioni ya vifuko vidogo vya hewa, na kila kifuko kimetandikwa utando mwembamba wa seli ambao ndio mpaka kati ya hewa na damu. Magonjwa mengi makali ya mapafu huubomoa utando huo, lakini mgonjwa akivuka siku za hatari seli mpya huota na kuuziba. Kwa vijana hawa seli hazikurudi kwa wakati, hata baada ya wiki nyingi, mithili ya ukuta ulioanguka lipu na fundi asitokee kuupiga tena. Hewa nayo ilivuja kutoka kwenye vifuko hivyo vilivyobaki wazi, ikaingia kifuani na hata chini ya ngozi. Sura hii ilijirudia kwa mgonjwa mmoja hadi mwingine, nayo haifanani na madhara ya mapafu yaliyokuwa yakijulikana zamani kuhusu dawa za salfa, ambayo mara nyingi yalikuwa mzio wenye homa na seli za mzio kuongezeka kwenye damu, ukitulia dawa ikiachwa.

Hatua iliyofuata ilikuwa ya vinasaba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba wagonjwa hawa walikuwa na alama mbili za kinga ya mwili, ziitwazo HLA-B*07:02 na HLA-C*07:02, kwa wingi usio wa kawaida ukilinganisha na watu wengine. Alama za jamii hii ndizo zinazoamua ni vitu gani kinga ya mwili itavitazama kama adui, na si mara ya kwanza kwa alama kama hizo kuhusishwa na madhara makali ya dawa fulani. Hapa niongeze tahadhari mbili. Alama hizo mbili huonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya, ingawa Afrika nazo zipo, kwa hiyo mtu wa Kigoma asijione amekingwa moja kwa moja kwa sababu ya asili yake. Pili, mamilioni ya watu wanazo, wanameza dawa hii, na hawapati lolote. Kumpima binti yako alama hizo hata kama kipimo kingekuwepo Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa wetu, kusingetupa jibu la maana.

Kutokana na taarifa hizo, maelezo rasmi ya dawa hii nchini Marekani sasa yanataja kwamba kushindwa kupumua kwa muda mrefu, kunakohitaji mashine, upandikizaji wa mapafu au kunakoishia kwenye kifo, kumeripotiwa kwa watu walioanza kuitumia siku chache au wiki chache kabla. Dawa haikuondolewa sokoni. Ilibaki, na onyo likaongezwa.

Msomaji makini atauliza: kama inaweza kuua, kwa nini ibaki? Swali hilo ndilo kiini cha jibu langu, na historia ya dawa nyingine inasaidia kulielewa. Miaka ya 1960 huko Uswisi, Austria na Ujerumani Magharibi kulikuwa na dawa ya kukata hamu ya kula iliyoitwa aminoreksi, iliyouzwa kwa watu waliotaka kupungua. Ghafla madaktari wakaanza kuona wagonjwa wa shinikizo la juu la damu kwenye mishipa ya mapafu, ugonjwa ambao kwa kawaida daktari angeweza kufanya kazi miaka mingi bila kumwona mgonjwa wake hata mmoja. Dawa ikaondolewa, na wagonjwa wapya wakapungua. Miaka ya 1990 mambo yakajirudia kwa dawa za jamii hiyohiyo, fenfluramini na deksfenfluramini: utafiti mkubwa wa Ulaya uliochapishwa mwaka 1996 uliziunganisha na ugonjwa uleule, na mwaka 1997 zikaondolewa sokoni Marekani, safari hiyo hasa kwa sababu ya madhara kwenye vali za moyo. Dawa zote hizo zilikuwa na madhara adimu, kama Septrin. Tofauti ni kwamba upande wa pili wa mizani kulikuwa na kilo chache za kupungua, na madhara adimu lakini ya kuua hayawezi kuvumiliwa kwa faida ya aina hiyo.

Kwa mdogo wako upande wa pili wa mizani kuna uhai wenyewe. Mtu mwenye VVU hapewi kotrimoksazoli kutibu ugonjwa alionao siku hiyo, bali kuzuia magonjwa yanayomvizia: nimonia ya fangasi aitwaye Pneumocystis, ambayo hushambulia mapafu ya wenye kinga iliyoshuka, tokso ya ubongo (maambukizi ya kimelea kwenye ubongo), maambukizi ya bakteria, aina kadhaa za kuharisha, na malaria pia. Ushahidi wa kazi hiyo haukutoka mbali, umetoka Afrika. Huko Lusaka, Zambia, watoto 541 wenye VVU waliwekwa katika makundi mawili, kundi moja likipewa kotrimoksazoli na jingine vidonge visivyo na dawa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004: katika kundi la dawa walifariki asilimia 28, na katika kundi jingine asilimia 42, na jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati wake kwa sababu ya tofauti hiyo. Mwaka huohuo, utafiti uliofanyika vijijini mashariki mwa Uganda ulionyesha kwamba vifo vya watu wenye VVU waliotumia dawa hii vilipungua kwa asilimia 46 na malaria kwa asilimia 72. Mkazi wa Kigoma au Tabora, mikoa ambayo kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa ile inayosumbuliwa zaidi na malaria nchini, asiipite takwimu hiyo ya malaria haraka.

Kuna jambo ndani ya takwimu hizi ambalo aghalabu halisemwi, nami naliona ndilo linalojibu hofu ya mdogo wako kuliko yote. Majaribio haya yalihesabu vifo vyote, vya sababu yoyote ile. Mtoto ambaye angeuawa na dawa yenyewe, kwa mapafu, kwa ngozi au kwa damu, angehesabiwa kama kifo katika kundi la dawa. Kwa maneno mengine, tofauti ile ya asilimia 28 na 42 ilikwishayahesabu madhara ya dawa, yanayojulikana na yasiyojulikana wakati ule. Ripoti ya mwaka 2019 haiigeuzi hesabu hiyo.

Huenda mtu akasema kwamba majaribio hayo ni ya zamani, kabla ARV hazijaenea. Hoja hiyo ni halali, na ilikwishafanyiwa kazi. Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Uganda na Zimbabwe lililoitwa ARROW, ambapo watoto na vijana waliokuwa kwenye ARV kwa karibu miaka miwili au zaidi, na hali zao zikiwa nzuri, waligawanywa: wengine wakaendelea na kotrimoksazoli, wengine wakaacha. Walioacha walilazwa hospitali mara nyingi zaidi, kwa malaria na kwa maambukizi mengine. Wapo watu wazima ambao, baada ya CD4 (seli za kinga) kupanda na virusi kufubaa, kliniki huamua kuwaachisha. Lakini uamuzi huo hufanywa kwa kuangalia vipimo na faili la mgonjwa, na mtu hawezi kuufanya nyumbani kwa sababu ya ujumbe wa simu.

Basi mdogo wako ameze kidonge chake leo kwa wakati wake wa kawaida. Asimeze viwili au vitatu ili kufidia siku zilizopita. Halafu, dada yangu, muulize kwa upole, mkiwa wawili tu, kama ARV hajaziacha. Umeandika kwamba Septrin ndiyo haimezi, lakini katika kazi hii ya dawa nimeona mara nyingi mtu akiogopa kidonge kimoja anaweka chini pakiti nzima, na familia inaambiwa nusu ya habari. Kama ameziacha, aende CTC kesho asubuhi na kadi yake, asingoje tarehe ya miadi. Wahudumu wa kliniki hawatakuwa na sababu ya kumgombeza. Na akigombezwa, bado arudi.

Akiwa ameanza kukohoa au kubanwa kifua, pia aende, lakini aende akijua kwamba kwa mtu mwenye VVU katika mkoa wetu kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa za jioni na kupungua mwili kwanza ni kifua kikuu mpaka vipimo viseme vingine. Baada ya hapo ni nimonia ya bakteria, kisha ile ya Pneumocystis, ambayo tiba yake kuu, ajabu ya mambo, ni kotrimoksazoli hiihii kwa dozi kubwa ya siku 21. Kumwachisha mtu Septrin kwa kudhani inamharibu mapafu, kumbe mapafu yake yanaliwa na ugonjwa ambao Septrin ndiyo ingeuzuia, ni kosa ambalo gharama yake ni kubwa kuliko ugonjwa adimu tunaouzungumzia.

Nimesema isipokuwa kama ana dalili. Asirudie kuimeza, na aende kituoni siku hiyohiyo, ikiwa katika siku za karibuni ametokwa na upele mwilini, hasa ukiambatana na homa, vidonda mdomoni, macho mekundu au ngozi inayochunika. Au kama macho yamekuwa ya njano. Hayo ni madhara ya salfa yanayojulikana zamani na ni ya kawaida zaidi kuliko ya mapafu, na kwa wenye VVU hutokea mara nyingi zaidi kuliko kwa wengine. Mtu aliyewahi kuchunika ngozi kwa Septrin au kwa SP, dawa ya malaria ambayo nayo ina salfa ndani yake, asipewe tena maisha yake yote, na jambo hilo liandikwe kwenye kadi kwa wino. Na kwa kuwa nimeitaja SP: mama mjamzito anayemeza Septrin kila siku kutoka CTC hapaswi kupewa SP ya kuzuia malaria kliniki ya wajawazito, kwa sababu dawa hizo mbili zinaongezeana madhara na Septrin tayari inafanya kazi hiyo. Ni vema mama mwenyewe aseme, maana kadi mbili za kliniki mbili hazizungumzi.

Nakuja kwa binti. Umenitumia picha ya kibahasha cha dawa, na nakushukuru, kwa sababu kimenieleza mengi kwa uchache wa maneno yake. Kimeandikwa "2x2" kwa kalamu ya bluu, basi. Hakuna jina la dawa, hakuna nguvu ya kidonge, hakuna idadi ya siku, hakuna tarehe. Kama si wewe kuuliza jina dukani, leo usingejua binti anameza nini. Vidonge viwili vya 480 mara mbili kwa siku ni dozi ya kutibu maambukizi ya mtu mzima, mara mbili ya ile anayomeza mdogo wako, ambaye kwa kawaida hupata 960 mara moja tu kwa siku. Na anaimezea chunusi, akiwa na umri wa miaka 16, kwa siku tisa, bila siku ya kumaliza. Ukirudi kusoma nilichoeleza kuhusu vijana wa Marekani utaona kwa nini jibu langu kwake ni tofauti.

Sitaki usikie kwamba amepata ugonjwa huo au yuko karibu kuupata. Nchini Marekani dawa hii huandikwa mamilioni ya mara kila mwaka, na kesi zilizothibitishwa tangu watafiti waanze kuzikusanya ni makumi tu. Hata kama nyingine nyingi hazikutambuliwa, bado uwezekano wake ni mdogo sana. Ninachosema ni kwamba uwezekano huo mdogo, kwake yeye, hauna kitu cha kuulipia. Kotrimoksazoli si dawa ya kwanza wala ya pili kwa chunusi. Hutumiwa na wataalamu wa ngozi pale nyingine zimeshindwa, kwa muda uliopangwa, na kwa uangalizi. Kwa hiyo aache leo, na haihitaji kupunguzwa polepole.

Najua utakumbuka tunavyohubiri kila siku kwamba dozi ya antibayotiki lazima imalizwe. Mafundisho hayo yanamhusu mgonjwa aliyepewa dawa sahihi kwa ugonjwa sahihi. Hayamfungi mtu kuendelea na dawa ambayo hakupaswa kuianza. Kwa kifua kikuu au nimonia, maliza. Kwa chunusi zilizotibiwa kwa "2x2" isiyo na mwisho, hakuna dozi ya kumaliza.

Kwa wiki mbili zijazo mwangalie. Kikohozi kikavu kipya ambacho hakina mafua, kuhema akipanda ngazi au akitoka kuchota maji kwa namna isiyo kawaida yake, maumivu ya kifua anapovuta pumzi, homa isiyoeleweka: mojawapo likitokea, mpeleke kituo cha afya au Maweni moja kwa moja, na kitu cha kwanza utakachomwambia mhudumu kiwe kwamba ametumia Septrin na ameimeza kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani. Usisubiri uulizwe. Mhudumu akisikia kikohozi na homa Kigoma atafikiria malaria na nimonia, na atakuwa sahihi kufikiria hivyo na kupima; lakini bila habari ya dawa hatakuwa na sababu ya kufikiria hili lingine. Hatari yenyewe ni kwamba kijana anayeugua ugonjwa huu anaweza kuongezewa Septrin kwa kudhaniwa ana nimonia. Omba apimwe oksijeni kwa kile kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni; ni kipimo cha dakika moja, na kijana mzima aliyekaa mahali kama Ujiji husoma asilimia 95 kwenda juu. Midomo ikianza kuwa ya bluu au akishindwa kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi, ni dharura, iwe usiku au mchana. Tiba ya ugonjwa huu ni kusimamisha dawa mapema na kumpa mgonjwa oksijeni na msaada wa kupumua huku mapafu yakipewa muda. Hakuna sindano ya kuugeuza, na ndiyo maana kuugundua mapema kunazidi vifaa vyote.

Mhudumu akiona kuna shaka ya kweli, mwombe ajaze fomu ya njano ya kuripoti madhara ya dawa inayopelekwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Tunazembea sana katika hili, nasi watu wa dawa tukiwa mbele katika uzembe huo. Vijana watano wa ripoti ya 2019 walionekana kwa sababu kuna watu walioandika walichokiona badala ya kusema "nimonia" na kufunga faili.

Kuhusu chunusi zenyewe, mwulize binti, bila ukali, anapaka nini usoni. Sehemu kubwa ya chunusi za usaha tunazoletewa kwa mabinti wa umri wake zinatokana au zinachochewa na krimu za kung'arisha zenye steroidi, ambazo huuzwa kwenye vibanda vya vipodozi zikiwa na maelezo ya lugha asiyoisoma. Kama anazipaka, hakuna antibayotiki itakayomponya huku anaendelea. Kama hapaki kitu, aoshe uso kwa sabuni ya kawaida mara mbili kwa siku, asizikamue, na aonwe na mtaalamu wa ngozi au tabibu anayeweza kumwandikia dawa ya kupaka ya benzoili peroksidi, na ikibidi doksisaiklini kwa muda maalumu.

Siku nyingine akipata maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo kwa mabinti si ajabu, usikimbilie dukani kuomba "ile isiyo Septrin". Dawa moja inayotolewa mara kwa mara badala yake ni nitrofurantoini. Ni dawa nzuri kwa siku chache, lakini ikitumiwa kwa miezi mingi mfululizo nayo inajulikana, tangu zamani kuliko Septrin, kwa kutia makovu kwenye mapafu. Kubadili jina la kidonge hakuondoi haja ya kupima mkojo kwanza, kwa kuwa wasichana wengi wanaoambiwa wana UTI kwa kusema tu tumbo la chini linauma hawana UTI.

Limebaki swali lako la mwisho, la mtoto anayekohoa. Usimpe vidonge hivyo. Zamani kotrimoksazoli ilikuwa ndiyo dawa ya nimonia ya watoto katika zahanati zetu, na pengine ndiyo sababu wazo hilo limekujia. Tangu mwaka 2014 mwongozo wa Shirika la Afya Duniani umeiweka amoksilini mahali pake. Zaidi ya hayo, vikohozi vingi vya watoto vinasababishwa na virusi, na huisha bila antibayotiki yoyote. Mtazame kifua akiwa ametulia au amelala, bila nguo: akipumua kwa kasi, mara 40 au zaidi kwa dakika kama ameshatimiza mwaka mmoja, au mara 50 au zaidi kama hajautimiza, au nyama za chini ya mbavu zikiingia ndani kila anapovuta pumzi, mpeleke kituoni leo. Akiwa anacheza na ananyonya au anakula, mpe maji ya kutosha na umwangalie tena kesho. Vidonge vyenyewe virudishe duka la dawa ulikovinunua, na kibahasha chake, ili muuzaji aone alichokiandika.